Sabuni, Kaka Nderitu na Namba Kumi na Saba

Hoteli ya Wamucii,
S.L.P. 214,
ELDORET.
11 Machi 1974.

Mpendwa mdogo wangu Gathogo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini zitakukuta wewe, Musimbi na mtoto mkiwa wazima. Sisi hatujambo, ila goti la Mama la kushoto limeanza tena kumsumbua, na yeye anasema ndilo linalomwambia kwamba mvua iko karibu. Kama goti linasema kweli, mwaka huu tutapanda mapema. Joto la Mombasa linawatesa au mmelizoea? Na mtoto ameota meno? Mama hamwiti Mwihaki hata siku moja, ingawa jina hilo mlilitoa kwake yeye Mama. Anamwita "mimi mdogo". Mgeni hamalizi kikombe cha chai kabla hajaambiwa kwamba mimi mdogo yuko Mombasa anakula samaki.

Nakuandikia kwa Kiswahili ili Musimbi naye asome, kwa maana neno lililomo humu linamhusu kama linavyokuhusu wewe. Ni habari ya shamba lako, na mwisho wake nitaomba saini yako. Lakini unanijua. Mimi siwezi kwenda sokoni bila kupitia kwa jirani kwanza, kwa hiyo kaa chini univumilie.

Jirani mwenyewe ni Ismail, yule mwenye malori, ambaye duka lake limepakana na hoteli yangu. Mwaka jana alinunua televisheni. Alisimamisha mlingoti juu ya paa mrefu kuliko mnara wa kanisa, na bado siku za upepo tunaona chenga tupu. Anaiweka dukani kati ya magunia ya mchele, na kila Alhamisi saa moja jioni mtaa mzima unahamia kwake kutazama mchezo. Mkewe Amina hukaa nyuma ya kaunta akipima sukari, akitutazama sisi kuliko anavyotazama picha.

Katika mchezo huo kuna mtu anaitwa Sabuni. Wamempa jina hilo kwa sababu hakuna uchafu usiomtoka. Ni mtu wa kofia, sauti ya pole ya kuimbaimba, viatu vinang'aa. Aliwahi kuuza ng'ombe mmoja kwa watu watatu. Aliwahi kwenda kwenye matanga ya mtu asiyemjua, akalia kuwashinda wafiwa, kisha akaondoka na kapu la rambirambi. Halafu kesho yake unamwona akiwanunulia mayatima viatu, na wewe unajikuta unafuta machozi.

Gathogo, tunampenda mtu huyo mpaka ni aibu. Lazarus, fundi wa cherehani, ameshona makoti sita yanayofanana na la Sabuni na yote yamenunuliwa. Akifanya ubaya, kila mtu ana la kumtetea. Lazarus husema wale waliouziwa ng'ombe ni wajinga, kwa nini hawakuuliza? Mwingine husema alifiwa na mama akiwa mdogo. Mwingine husema afadhali yeye kuliko matajiri wanaokula bila hata kuimba. Na wakili wake mkubwa kuliko wote alikuwa dada yako. Mtu akimsema Sabuni mbele yangu, chai yake ilikuwa inachelewa.

Sasa tutoke kwa jirani twende nyumbani.

Kaka Nderitu alikuandikia mwezi wa Januari kwamba tumepiga kura ya mashamba kule upande wa Moiben, kwenye lile shamba kubwa ambalo chama chetu kilinunua kwa yule mzungu aliyerudi kwao. Alikuambia umepata namba kumi na saba, penye chemchemi. Wewe ukajibu kwamba utajenga nyumba inayotazama maji na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Barua hiyo Mama alisomewa mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anatangulia maneno kabla sijayafikia. Yote aliyokuandikia kaka yanaweza kusomwa mbele ya watu. Kuna moja tu hakuliandika.

Siku ya kura tulikusanyika kwenye ghala la mahindi la mzungu, wanachama sitini na wawili. Karatasi nilikata mimi. Nilitumia daftari la shule, likaisha vikiwa vimebaki vipande vinne, nikavimalizia kwa mfuko wa sukari, ile karatasi ya kaki. Namba aliandika kaka kwa sababu ndiye katibu. Tukazikunja, tukazichanganya ndani ya debe, mwenyekiti akaomba, tukaanza.

Waliokosa kufika katibu ndiye aliyewaokotea, na kaka akasema ataanza na hao lakini namba zao zitasomwa mwisho. Mlikuwa watatu. Nilikuwa nagawa chai karibu naye, nikamwona anafungua karatasi yako kidogo kwa kidole gumba. Uso ukamshuka. Akaitia kwenye mfuko wa koti.

Watu wakaanza kupita mmoja mmoja. Yeyote aliyeokota kaki nilimtania kwamba ameokota sukari. Alipofika Warigia, yule mjane wa marehemu Kiharo aliyekuwa akiuza mboga karibu na stesheni, akatoa kaki, nami nikapaza sauti: Mama Warigia ameokota sukari! Watu wakacheka, naye akacheka. Kwa kuwa hajui kusoma, akampa kaka amsomee. Kaka akaitazama. Akatia mkono mfukoni kama anayetafuta leso, akautoa, akasoma, "Hamsini na mbili," kisha akamrudishia karatasi yake. Warigia akanipa kikombe nimshikie ili aifunge kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani. Ilikuwa nyeupe, yenye mistari ya daftari.

Mwishoni kaka akasoma za waliokosa. Gathogo, kumi na saba. Karatasi aliyoinua ilikuwa ya kaki.

Hakuna mwingine aliyeona. Kwao karatasi ni karatasi, na sukari ilikuwa utani tu. Mimi niliona kwa sababu mfuko ule wa sukari ulikuwa wangu. Hata kaka hakukumbuka kwamba vipande havikufanana, maana anapoandika huona namba tu.

Utaniuliza nilifanya nini. Nilikusanya vikombe. Nilirudi Eldoret juu ya lori nikiwa nimefunga mdomo, na tangu siku ile mpaka mwisho wa Februari sikumwambia mtu. Sitajisafisha kwako. Nilifurahi. Niliiona nyumba yako penye maji, nikamwona mimi mdogo akichezea matope, na kila dhamiri iliponigusa niliijibu vizuri. Nilijiambia kaka hakujichukulia yeye, amepata namba arobaini kihalali na ina mteremko mbaya. Nilijiambia Warigia ana mabinti wawili watu wazima wenye nguvu. Nilijiambia mtu aliyelea wadogo zake tangu baba yao achukuliwe na askari wa mkoloni wakati wa Hali ya Hatari, akapasua mawe ya barabara ili wao wasome, huyo Mungu hawezi kumshika kwa kipande cha karatasi.

Basi Alhamisi ya mwisho ya Februari tukaenda kwa Ismail. Sabuni safari hii alichukua shamba la bibi kizee. Alimwekea kidole gumba kwenye wino, akamwambia ni karatasi ya dawa ya ng'ombe. Watu wakashika vichwa. Halafu ikaonekana kwamba shamba lile ni la kumpa mdogo wake anayerudi kutoka masomoni, na watu wakaanza kupumua. Lazarus akasema, kumbe si kwa tumbo lake. Mimi nikasimama kabisa kati ya magunia. Nikasema mtu kama huyo huwezi kumwita mwizi, amewalea wadogo zake bila baba, na hata hatua moja ya shamba hakujipa mwenyewe.

Amina akaweka chini kijiko cha sukari. Si mtu wa kusema sana.

"Huyo mama mwenye shamba," akauliza, "anaitwa nani?"

Hakuna aliyejua.

"Sabuni mnajua mpaka rangi ya soksi yake. Huyo mama hata jina yake hamjui. Mnasamehe nyinyi, kwani aliwaibia nyinyi?"

Watu wakamcheka kidogo, kwa vile hampendi Sabuni na inajulikana. Mimi sikucheka. Niliketi, na sikuona tena mchezo uliobaki. Maana ni kweli, Gathogo. Picha humfuata Sabuni mpaka chumbani kwake. Tunamwona akikosa usingizi, tunamwona akiitazama picha ya marehemu mama yake. Wale aliowatapeli tunawaona mlangoni wakilia, kisha mlango unafungwa, na hakuna anayewafuata walikokwenda. Tunampenda kwa sababu tumekaa naye nyumbani. Na kaka Nderitu nimekaa naye nyumbani maisha yangu yote.

Jumatatu iliyofuata nikamwachia mume wangu Stephen hoteli, nikapanda lori la Ismail lililokuwa likienda Moiben kuchukua mahindi. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuona shamba langu, ile namba thelathini na moja. Udongo wake ni mwekundu na mzuri, namshukuru Mungu. Kisha miguu ikanipeleka hamsini na mbili.

Sitakuficha. Namba hiyo ni mgongo wa mawe. Chepkorir, ambaye mumewe alimchungia mzungu ng'ombe miaka mingi, aliniambia hata mbuzi hawakupelekwa huko. Nilimkuta Warigia na mabinti zake wameshakita nguzo za nyumba, wanang'oa mawe kwa mtaimbo na kuyapanga pembeni. Alinikaribisha kwa furaha, akanipikia uji. Maji ya uji yalitoka wapi? Kwenye chemchemi yako. Anatembea kutoka kule juu mpaka namba kumi na saba asubuhi na jioni, mtungi mgongoni.

Akaniambia nikikuandikia nikupe shukrani zake, kwamba hujamnyima mtu maji, na Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Nikaweka kikombe cha uji chini.

Halafu akafungua kitambaa akanionyesha ile karatasi nyeupe. Bado anaitunza. Akasema, polepole, bila kulalamika, "Kura ni ya Mungu, Wamucii, hiyo sibishani. Lakini natafuta ni wapi nilimkosea, ndio akanipa mawe. Nimefunga Ijumaa tatu namuuliza."

Nilitoka nje nikawasaidia mabinti zake kubeba mawe mpaka lori likarudi. Mikono yangu bado ina malengelenge, na kukanda unga wa maandazi ni mateso.

Jumapili baada ya kanisa nilimfuata kaka kwake Yamumbi. Alikuwa anatengeneza ua. Nilimwambia yote niliyoyaona ghalani, karatasi nyeupe na karatasi ya kaki. Hakukana. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi kichwa chake kilivyojaa mvi. Aliniambia hakupanga. Alipoiona hamsini na mbili kwenye karatasi yako alihisi ameshindwa kukutunza, halafu ile kumi na saba ikaja yenyewe mkononi mwake, na mkono ukafanya kabla kichwa hakijafika. Namwamini. Ndiyo shida yangu, kwamba namwamini kabisa.

Nilimweleza habari ya Ijumaa tatu. Hapo akafunika uso kwa kofia. Kuku wakawa wanatupita miguuni. Mwishowe akasema:

"Mwandikie. Mimi nilimpa kwa mkono huu, siwezi kumnyang'anya kwa mkono huo huo. Lakini Gathogo akisema nirudishe, nitasimama mbele ya wanachama niseme mwenyewe, na ukatibu nitauacha."

Nilimuuliza kwa nini akubebeshe wewe mzigo huu. Akasema kwa sababu shamba ni lako, na kwa sababu anaogopa. Hilo la pili sijawahi kumsikia akilisema, hata miaka ile ya askari.

Basi ndilo hilo, mdogo wangu. Tarehe tano Aprili mpimaji anakuja kupanda mawe ya mipaka, na majina yakishapelekwa ofisini hayabadiliki tena. Kabla ya siku hiyo nahitaji barua fupi yenye saini yako, ya kwamba umekubali kubadilishana na Warigia. Bila hiyo kaka atanyamaza, wanachama hawatajua, na hakuna atakayekulaumu. Hata mimi nitakuja kunywa chai kwenye nyumba yako inayotazama maji, na nitaona haya kila mara nikichota.

Usinielewe vibaya kuhusu kaka. Viatu vyako vya kwanza alivinunua yeye, akiwa pekupeku. Wakati wa njaa alikuwa anasema ameshiba, na sisi tulikuwa wadogo tukamwamini. Nampenda leo kama nilivyompenda jana. Sabuni naye bado nampenda, Alhamisi iliyopita nilikwenda tena na kucheka tena. Lakini siku hizi mlango ukifungwa, moyo wangu unabaki nje na wale waliofungiwa, na Lazarus analalamika kwamba nimeharibu mchezo.

Musimbi, wewe nakuomba kama mke wa ndugu yangu. Najua ulikuwa umeshaona bustani yako kando ya maji. Nasikia kwenu Maragoli watu hulima katikati ya majabali na mahindi yakakubali, kwa hiyo huenda wewe ndiye utakayetufundisha sisi wa udongo laini. Na mpaka mtakapojua la kufanya na yale mawe, nusu ya thelathini na moja ni yenu. Stephen amekubali. Hajui bado ni nusu gani, nami sijamwambia kwamba ni ile nzuri.

Mama hajui lolote, na ningependa alisikie kutoka kwa kaka mwenyewe, si kwangu. Anakusalimu sana na anauliza kama mtakuja Pasaka. Stephen anakusalimu, na Ismail pia, anasema ukipata nafasi bandarini umtafutie tairi. Amina anamsalimu Musimbi. Kaka Nderitu hakutuma salamu. Nilimuuliza akatikisa kichwa, lakini aliposikia naandika alikuja hotelini, akakaa meza ya mlangoni mpaka chai ikapoa, akanipa kitu nikutilie ndani ya bahasha.

Mungu awalinde wote watatu, awape usingizi mwema na mioyo isiyoogopa.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kama utanikasirikia,

Wamucii.

N.B. Kitu chenyewe ni hicho kipande cha kaki, kumi na saba, kwa mwandiko wake. Tafadhali kirudishe pamoja na saini, nitampelekea mwenyewe. Usikawie, Gathogo. Ijumaa hii Warigia atafunga tena, akimwomba Mungu msamaha wa kosa letu.